Bado Hatujachagua

Sehemu ya sita

Wale mliokosa gazeti la Jumapili iliyopita msiende kumuuliza jirani, maana jirani atawaongezea chumvi. Mambo yalikuwa hivi.

Sabiri, fundi wa viyoyozi, mzaliwa wa Makorora aliyehamia Maskati ujanani, amekuja Tanga na mkewe Tuhfa. Ndugu zake aliwaambia amekuja kupumzika. Kweli yenyewe ni kwamba wamekuja kumchukua Mwamvua, mtoto wa marehemu binamu yake Luqmani, wakamlee huko huko Uarabuni. Mama wa mtoto naye alishatangulia mbele ya haki. Mwamvua ana miaka saba, anakaa Nguvumali na bibi yake mzaa mama, Bi Mize, ambaye macho yamemtupa mkono. Na ni Bi Mize mwenyewe aliyewapigia simu akasema, "Njooni mumchukue mtoto, wanangu, kabla sijafika pa kumtambua kwa kumpapasa."

Sasa kwa nini kuficha? Kwa sababu ya Semeni.

Semeni ni dada mkubwa wa Sabiri, na hasemezani na Bi Mize tangu arusi ya Luqmani, kisa sinia la biriani lililopita mbele yake bila kutua. Waliolila wamekwisha kulisahau. Aliyelikosa hajalisahau.

Basi Sabiri akapanga nyumba Raskazone, akamwambia dada yake kwamba daktari kamwamuru akae kwenye upepo wa bahari, mbali na kelele za watu. Uongo huo ulidumu mpaka siku Semeni alipomkuta Tuhfa dukani, barabara ya kumi na mbili, ameshika viatu vyekundu vya mtoto.

"Vya nani hivyo, wifi?"

Tuhfa akamgeukia mumewe, aliyesimama nyuma yake. Aliyejibu ni Sabiri. "Vya Tuhfa."

Semeni akavitazama viatu, kisha akamtazama wifi yake, mwanamke wa Kipemba mwenye mwili wake, alhamdulillahi. "Atavaa kidole gani?"

Hapo Sabiri akabanwa mpaka akakiri nusu. Ndiyo, wanataka mtoto wa kulea. Mtoto gani? Kumtaja mjukuu wa Bi Mize aliogopa. Akatoa maneno mawili tu, na kwa maneno hayo mawili ndiyo tunakutana leo.

"Bado hatujachagua."

Haya, twende.

Neno likisemwa Makorora adhuhuri, alasiri limeshavaa viatu, na magharibi limeshafika msibani na arusini. Siku ya pili yake, Jumamosi asubuhi, mlinzi wa nyumba ya Raskazone aligonga dirisha.

"Bosi, wageni."

Sabiri alikuwa anafunga vifungo vya kanzu. Bi Consolata, afisa wa ustawi wa jamii, alikuwa ameahidi kuja saa nne kuwaona wote kwa pamoja: wao, Bi Mize na mtoto. Tuhfa alikuwa hajalala vizuri. Alishadeki nyumba mara mbili, na mkate wa kumimina ulikuwa mezani umefunikwa kawa.

"Afisa kafika mapema hivi?"

"Kama ni afisa," mlinzi akasema, "basi kaja na shule nzima."

Sabiri akatoka mbio. Getini alisimama dada yake Semeni, buibui limepigwa pasi, chupa ya achari ya embe mkononi. Nyuma yake watoto wa ukoo mzima, wameogeshwa, wamepakwa mafuta mpaka paji la uso linarudisha jua, kila mmoja na nguo zake za Idi.

"Nimekuletea," Semeni akasema. "Chagua."

"Dada, subhanallah..."

"Usinishukuru. Huyu mpole, hasemi mpaka asemeshwe. Huyu anajua kusoma. Huyu anakojoa kitandani lakini ana akili. Huko Maskati si kuna jua? Godoro litakauka."

Sabiri akaona kitoto kimoja kinene asichokifahamu. "Na huyu wa nani?"

"Wa jirani. Mama yake kasema, ukiona wa kwetu hawakufai usikate tamaa."

Na mwisho kabisa wa mstari, amesimama kwa adabu na mfuko wa nguo begani, alikuwepo Amour, kifungua mimba wa Semeni. Ndevu zimejaa. Kichwani kofia ya vito.

"Amour, umewasindikiza watoto?"

"Hapana, mjomba. Na mimi nimo."

"Umo wapi?"

"Kwenye kuchaguliwa." Amour akashusha sauti. "Mjomba, mimi sisumbui usiku. Nimeshatahiriwa. Meno nimeota yote. Mtoto mdogo utaanza naye moja, mimi kazi imebaki kidogo sana."

Sabiri akatazama saa. Ilikuwa saa tatu imepita. Mtu mwingine hapo angesema kweli: dada, mtoto yupo, ni wa Luqmani, leo anakuja na bibi yake, nisamehe sikukwambia. Maneno hayo yanaingia katika pumzi moja. Lakini ulimi wa Sabiri una njia yake, na njia hiyo haipiti hapo.

"Dada, msiingie. Humu ndani mna macho mekundu. Yanaambukiza vibaya."

"Nani anaumwa?"

"Tuhfa. Hafungui hata..."

"Karibuni jamani! Mbona mwasimama juani?" Tuhfa alikuwa ameshatoka kibarazani, macho meupe pe. Kazaliwa Maskati, na Tanga hii kwake ni ugenini kabisa, ila kalelewa na mama wa Kipemba, na mwanamke wa malezi hayo hamwachi mgeni getini hata akija kumchomea nyumba.

Semeni akamtazama wifi yake machoni, akamtazama kaka yake, akapita. Watoto wakapita. Amour akapita. Mlinzi peke yake, mtu anayeshika maneno ya bosi wake, ndiye aliyebaki getini na habari ya macho mekundu moyoni.

Tuhfa akamvuta mumewe jikoni.

"Wamekuja kufanya nini hawa?"

"Kuchaguliwa."

"Kuchaguliwa nini?"

Sabiri akamweleza. Tuhfa akakaa juu ya kigoda.

"Kwa nini hukumwambia dadako kweli, Sabiri? Tangu siku ya kwanza n'likwambia, mwambie."

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Miaka kumi na mitano nashona nguo za watoto wa watu," Tuhfa akasema polepole. "Nawapima mabega, nawapima viuno, napiga pasi, nawapa mama zao. Sijawahi kushona moja ikabaki nyumbani. Leo nimebakisha mlango mmoja tu. Ulimi wako usije ukaufunga."

Sabiri akataka kumgusa bega. Tuhfa akainuka akachukua sahani. "Njoo tuwape chai. Watoto hawana kosa."

Wakawatandikia mkeka barazani. Mkate wa kumimina uliokuwa wa afisa ukaliwa wote kabla chai haijapoa, na kitoto cha jirani kikauliza kama Maskati watu wanakula hivi kila siku. Amour akasema hata isiwe kila siku yeye angevumilia.

Hapo bajaji ikasimama getini.

Bi Mize akashuka kwanza, leso mbili, fimbo moja, mkono begani kwa mjukuu wake. Mwamvua alikuwa amesukwa mistari minne, kazi ya Tuhfa ya juzi, na alikuwa na uso wa mtoto anayesikiliza zaidi ya anavyosema.

"Shikamoo mama," Sabiri akawahi.

"Marahaba mwanangu. Mbona nasikia watoto wengi? Kuna khitma?"

Barazani, Semeni akashusha kikombe. Bi Mize hakuwa anaona, lakini pua yake ilikuwa nzima.

"Nasikia harufu ya karafuu," akasema. "Hii karafuu naijua. Mwamvua, hebu nitazamie, kuna mama mnene hapo?"

"Yupo, bibi."

"Kakunja uso?"

"Kaukunja."

"Ndiye yeye."

Semeni akageuka upande wa mtoto. "Mwamvua, mwambie bibi yako mimi siyo mnene. Nimejaa."

"Bibi, anasema siyo mnene, kajaa."

"Mwambie najua kajaa. Na hakujazwa na biriani yangu."

Ikawa hivyo, maneno yanakwenda na kurudi kupitia kwa mtoto wa miaka saba kama gati, mpaka Tuhfa akapiga goti katikati yao. "Mama zangu, nawaomba. Leo tu."

Ndipo Semeni alipotazama viatu vya Mwamvua. Vilikuwa vyekundu. Vipya.

"Aa," akasema. "Kumbe mmeshachagua."

Sabiri akatazama chini.

"Umechagua, na jana ukaniambia hujachagua. Ukaniacha nikaamka alfajiri nikawaogesha watoto wa watu, nikawapaka mafuta, nikawaambia mama zao kaka yangu hana ubaguzi." Sauti ya Semeni ilikuwa imepungua, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele zake. "Sabiri, mimi nilikubeba mgongoni mpaka ukanikata pumzi. Mtoto wa Luqmani si wangu pia? Ungeniambia, ningekatalia wapi? Sinia ni la bibi yake. Mtoto kosa lake nini?"

Pengine Sabiri angepata la kujibu, kama getini mlinzi hangekuwa anazungumza na mtu kwa sauti ya tahadhari.

"Mama, bosi kasema humu ndani mna macho mekundu. Mimi nimekwambia tu, usije ukanilaumu."

Bi Consolata akaingia. Mwanamke mrefu, mkoba chini ya kwapa, mtu wa bara aliyekaa Tanga mpaka akajifunza kujibu hujambo kwa mambo manne. Alikuwa ameshavaa miwani ya jua kwa kinga, na kwa miwani hiyo akatazama baraza lote kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mtu kujua jicho lake limesimama wapi.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, shikamoo!" watoto wakaitika kwa pamoja, maana Semeni alikuwa amewafundisha.

"Marahaba. Bwana Sabiri, hawa wote ni nani?"

Wasomaji wangu, Sabiri alikuwa na nafasi ya pili. Mwenyezi Mungu ni mkarimu.

"Ni sherehe," Sabiri akasema. "Sherehe ya kuzaliwa."

"Ya yupi?"

Kidole cha Sabiri kikanyanyuka, kikazunguka juu ya vichwa vya watoto, kikatafuta, kikatua kwa Amour.

Amour akasimama, akaweka mkono kifuani. "Ahsanteni."

Watoto, walioona kuwa hapo ndipo pa kupiga makofi, wakapiga, na mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakadakia. Bi Consolata akangoja mpaka ukaisha.

"Umetimiza miaka mingapi?"

"Thelathini na moja, In shaa Allah."

"Hongera. Na huo mfuko wa nguo?"

Amour akamtazama mjomba wake, akaona huko hakuna msaada. "Nilikuja kuomba kulelewa," akasema.

Bi Consolata akavua miwani. Akaikunja. Alipozungumza tena, ile sauti ya hujambo ilikuwa imekwisha.

"Bwana Sabiri. Nimekuja kuangalia makazi ya watu wawili wanaotaka kumlea mtoto mmoja. Getini nimeambiwa kuna maradhi. Barazani nakuta watoto ambao hata mama zao siwaoni, wamepambwa, na wewe unaondoka kwenda nje. Mimi nimeshakutana na watu wanaokusanya watoto. Nao huwa wana sherehe. Nataka jibu moja la kweli kabla sijanyanyua simu hii."

"Hakuwakusanya!" Semeni akaruka kumtetea kaka yake. "Nimewaleta mimi mwenyewe. Achague!"

Bi Consolata akanyanyua simu.

Tuhfa ndiye aliyemwahi. Hakushika mkono wala simu, alisimama tu mbele yake, na mtandio ukamtelezea begani. "Bi Consolata, kila ulichoambiwa hapa ni uongo, lakini hakuna ubaya ndani yake. Ni upumbavu mtupu. Tunamtaka mmoja, huyo hapo. Wengine wameletwa na shangazi yao kwa kuwa mume wangu kashindwa kumwambia neno la kweli. Nakuomba usitufungie mlango. Muulize mtoto mwenyewe. Akitukataa, mie n'tanyamaza."

Bi Consolata akaweka simu kwenye mkoba, lakini mkoba hakuufunga.

"Mwamvua, njoo hapa karibu yangu. Unawajua hawa?"

"Nawajua. Mama mkubwa Tuhfa na baba mkubwa Sabiri."

"Wamesema wanataka ukae nao. Wewe unasemaje? Sema la moyoni, hakuna atakayekugombeza."

Mwamvua akafikiri. Alianza kwa kumtazama bibi yake, ingawa bibi hakuweza kumtazama yeye. Kisha akasema, kwa sauti ya kusoma darasani:

"Mama mkubwa namtaka. Ananisuka hanivuti. Na akija anamsugua bibi miguu."

Tuhfa akaziba mdomo kwa kiganja.

"Baba mkubwa simtaki."

"We mtoto!" Bi Mize akapiga fimbo chini.

"Mwache, mama. Kwa nini humtaki?"

"Mwongo."

Amour akakohoa. Sabiri akacheka, kicheko kile cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni. "Watoto bwana..."

"Uongo gani?" Bi Consolata akauliza.

"Alisema kwao ngamia anaingia jikoni anakunywa chai. Mama mkubwa akasema hajawahi kumwona ngamia hata mtaani. Alisema juzi kachelewa kwa pancha, na ndevu zake zinanuka mishkaki. Leo kasema macho mekundu. Kasema kaka huyu kazaliwa leo."

"Hayo ni masihara, mwanangu," Sabiri akasema.

"Na ile simu?" Mwamvua akamgeukia mwenyewe. "Ulikaa upenuni kwetu, ukafikiri nimelala. Ukasema, bosi, nakuomba, hata zamu ya usiku. Hata kufagia. Ukasema tena, nakuomba. Nikakuuliza unaongea na nani, ukasema shemeji. Mama mkubwa hana kaka. Nilimuuliza."

Hata kile kitoto cha jirani kiliacha kutafuna.

Sabiri alitafuta uongo. Alizoea kuukuta palepale, kama mtu anavyoukuta ufunguo mfukoni, na kila siku ulikuwepo. Safari hii alipapasa, akapapasa, hakukuta kitu. Mtoto alikuwa anamtazama, na macho yake yalikuwa ya Luqmani, yaleyale ambayo utotoni hayakuweza kufichwa hata embe la kuiba.

"Nimefukuzwa kazi," akasema.

Semeni akasema, "Umefanywa nini?"

"Kazi imekwisha. Kabla ya Ramadhani. Wameajiri vijana. Bosi kaniambia nirudishe vifaa, nikarudisha. Maskati sina kazi. Na inayotupa ukaazi ni kazi, kwa hiyo Maskati yenyewe sina." Alipoanza, akaona maneno yanatoka bila kusukumwa. "Kila asubuhi nilikuwa natoka nyumbani na sanduku tupu. Nakwenda duka kubwa moja, nakaa kwenye benchi mpaka jioni, napigwa na baridi ya viyoyozi. Nikisikia kimoja kinagonga, najua ubovu wake, lakini sio wangu tena. Nikaja huku nikisema labda bosi atanirudisha kabla likizo haijaisha. Hajanirudisha. Nimempigia tena jana."

Jambo la ajabu ni kwamba aliyepona haraka kuliko wote ni Semeni.

"Haya, watoto," akasema. "Viatu."

"Dada..."

"Nimekusikia, na nimekuonea huruma, na mchana utakuja kula kwangu Makorora kama mtu na dada yake. Lakini watoto hawa nilikuwa nawaleta kwenda Maskati. Siwezi kuwaleta Raskazone kuja kulelewa na mtu asiye na kazi. Wanaye mmoja nyumbani." Akamtazama Amour.

Amour alikuwa ameshatia mfuko begani. "Mjomba, na mimi nimejitoa. Usiniweke moyoni."

Watoto wakapangwa tena mstari. Kile cha jirani kiliondoka kinalia, kwa kuwa hakikuelewa kimekosea wapi. Semeni akafika getini, akarudi mbio, akachukua chupa yake ya achari, akatafakari, akaifungua kifuniko, akamimina nusu kwenye bakuli la Tuhfa, akaondoka na nusu. Alipompita Bi Mize alisimama. Akamuinulia fimbo iliyokuwa imeanguka, akampa mkononi.

"Ahsante," Bi Mize akasema moja kwa moja, bila kumtuma mtu.

Wakabaki watano.

Bi Consolata akafungua mkoba, akatoa kalamu, akaishika bila kuandika. "Bwana Sabiri, mimi nimekuja kuandika habari za watu wanaoishi nje. Sasa hivi niandike mnaishi wapi?"

"Sijui," Sabiri akasema. Lilikuwa jibu la kweli, na likamtoka kirahisi.

Mwamvua akavuta leso ya bibi yake. "Kwa hiyo hawaendi?"

"Inaonekana hawaendi, mjukuu wangu."

"Wakikaa hapa, na wewe utakuwa unakuja?"

"Bajaji zipo."

Mtoto akalipokea hilo, akalitia mahali pake kichwani. Hakutabasamu, lakini alimtazama Sabiri upya, kama mtu aliyerudishiwa samaki akaambiwa amtazame tena mashavu kama bado ni mbichi.

Aliyekuwa hajasema neno tangu mwanzo wa habari ya kazi ni Tuhfa. Alikuwa amesimama pale pale, mtandio begani. Sabiri akakusanya moyo, akageuka.

"Tuhfa. Nilitaka kukwambia. Wallahi nilikuwa nangoja..."

"Wakati mzuri," Tuhfa akamalizia.

"Nisamehe."

"Nani aliyekuwa akikufulia mashati, Sabiri?"

Sabiri hakuelewa.

"Shati la fundi wa viyoyozi, Maskati, mwezi wa joto. Zamani n'kilikamua, maji yatoka meusi. Kisha mashati yakaanza kuja makavu. Safi. Yanukia marashi ya dukani. Siku, wiki, mwezi. Nikasema, mume huyu ama hana kazi, ama ana mwanamke. Nikangoja uniambie. Ukaja na hadithi za bosi na ngazi na mitambo, kila usiku hadithi mpya. Nikakucheka, kisha nikakulilia, we hukuona hata kimoja."

"Ulijua?"

"Nilijua kwamba siambiwi." Tuhfa akavuta kigoda, akakaa mbele ya Bi Consolata, mikono juu ya magoti. "Bibie, usiondoke. Wewe umeomba kweli, basi ichukue yote. Na mie nina langu."

Bi Consolata akaweka kalamu chini.

"Tiketi zetu nilikata mimi, kwa cherehani yangu. Ya mume wangu nilikata ya kuja na kurudi. Yangu nilikata ya kuja tu."

Sabiri akaketi chini polepole kwenye mkeka wa watoto.

"Nimezaliwa kule, lakini lugha ya mama yangu iko huku. Nikasema nikipewa mtoto n'tabaki naye, nipange chumba, nishone. Likizo ikiisha n'mpeleke mume wangu uwanja wa ndege, nimpe mkono wa kwaheri, na hapo ndipo n'mwambie. Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

"Ungemlea peke yako?" Bi Consolata akauliza.

"Ndivyo n'livyopanga. Mpaka asubuhi ya leo."

"Na sasa?"

Tuhfa akageuza uso kidogo. Mumewe alikuwa amekaa chini kwenye mkeka wa watoto, miguu imenyooka mbele, kanzu imejaa makombo. Mwamvua alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

"Sasa nimeishiwa mipango, Bi Consolata. Muulize yeye kama tutakaa watatu."

"Yeye nani?" afisa akauliza, kwa kuwa kidevu cha Tuhfa kilikuwa kimeelekea katikati, kati ya mume na mtoto.

Na Sabiri na Mwamvua wakafungua vinywa kwa pamoja. Walichosema, Jumapili ijayo.